Jalada Lisilo na Uzi

Mama,

Shikamoo. Leo ni Jumapili, jua limeshapita utosini, na nimewasha mtambo wako wa santuri. Amplifaya bado inachukua muda wake kupata moto. Inanguruma kidogo tumboni kabla ya kukubali kazi, na mimi nasimama mbele yake nikiingoja, mkono kiunoni, vile ulivyokuwa ukisimama wewe. Nina jambo la kukiri na nina jambo la kukuuliza. Hukupenda mtu azungukezunguke, basi naanza na la kukiri: nilizikata nyuzi zako. Zote.

Usikasirike kwanza. Nisikilize.

Tulipokuzika kule Jilore na matanga yakaisha, nilirudi hapa mjini, mtaani kwetu Kisumu Ndogo, nikakuta nyumba imenizidi ukubwa. Vyumba ni vilevile viwili, lakini sikujua niketi wapi. Mwezi wa kwanza sikugusa kitu. Mwezi wa pili nikafanya ninachofanya kila nikilemewa: nikaanza kupanga. Unanijua. Pale duka la dawa ninapofanya kazi hakuna chupa inayokaa pasipo pake. Dawa zinafuatana kwa alfabeti, na mteja hajamaliza kutaja jina mkono wangu ushafika. Ulikuwa ukinicheka, "Kadzo, iko siku utatupanga na sisi kwa herufi." Basi nikazitazama santuri zako, arubaini kwa hesabu, nikaona zimekaa shaghalabaghala. Ya Kikongo imebanana na ya Kiitaliano, taarabu imelala kifudifudi, na kwenye pembe za majalada kuna vijiuzi vinaning'inia, vyekundu, vya samawati, vya njano. Nilidhani umetia viraka pale majalada yalipopasuka, maana kitu gani duniani wewe hukukishona? Hata mkanda wa mtambo ulipokatika uliushona mwingine kwa lastiki ya sketi, na mpaka leo waimbaji wote humu ndani wanaimba polepole kama watu walioshiba ubwabwa.

Nikachukua mkasi. Nikakata, nikapangusa vumbi, nikazipanga kwa jina la mwimbaji tangu A mpaka Z. Vijiuzi nikavifagia, vikaenda na taka, na taka ikachomwa. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua mbili nikajisifu.

Santuri moja tu sikuirudisha rafuni. Unaijua ni ipi. Ile ya magitaa, yenye lebo ya kijani katikati, niliyoikwaruza nikiwa na miaka saba. Ulikuwa umetoka kuanika nguo, nami nikataka nikufanyie maajabu: urudi ukute muziki unalia wenyewe. Nikaunyanyua mkono wa sindano kwa vidole vyenye mafuta ya mahamri, ukaniponyoka, ukaangukia katikati ya wimbo wa pili ukaukwaruza. Hukunipiga. Afadhali ungenipiga, yakaisha. Badala yake, kila ulipoicheza tangu siku ile, wimbo wa pili ukifika pale pabaya na sindano ikaruka, ulikuwa ukisema bila hata kunitazama, "Kadzo huyo, anapita." Mbele ya wageni. Mbele ya mwalimu wangu. Mbele ya kijana aliyekuja na shangazi zake kuniposa! Nilijua ndivyo unavyonilipiza kwa maneno, na kwamba hutanisamehe mpaka kiama. Kwa hiyo ulipoondoka niliitoa ndani ya jalada lake, nikampelekea Fundi Charo, yule anayetengeneza saa za ukutani kwa santuri mbovu na kuwauzia watalii kule Watamu. Nikampa bure. Nilitoka kwake nikiwa mwepesi, na hilo nalo nalikiri.

Sasa, wiki tatu zilizopita akaja Bi Zainabu.

Hakuwa amekuja tangu matanga, miguu inamsumbua. Aliteremka kwenye tuktuk na kikapu cha ndimu, akapiga hodi akilia, tukalia wote wawili mlangoni kama watoto, kisha akaketi kwenye kiti chake kilekile akajifuta uso na ncha ya mtandio. Akasema, "Haya mwanangu. Niwekee wangu, nimsikie shoga yangu."

Nikamwuliza, "Wako upi, Bi Zainabu?"

"Ule wangu. Wa samawati."

Nikamwambia sijui wa samawati ni upi. Akacheka, akidhani namfanyia mzaha. Akajiinua mwenyewe mpaka kwenye rafu, akapitisha kidole kwenye pembe za majalada, moja baada ya moja, akafika mwisho. Akarudia tena. Kisha akanigeukia.

"Kadzo. Nyuzi zi wapi?"

Mama, sijawahi kuulizwa swali dogo likaniingia vile.

Alinieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa dozi. Kumbe hamkuwa mkishona ovyo. Kule hotelini mlikofua pamoja miaka ile yote, wewe kwenye masinki na yeye kwenye pasi, nguo za wageni zilikuwa zikitiwa uzi kwenye upindo ili zisipotee. Rangi ilionyesha ni nyumba ipi, na idadi ya mishono ilionyesha ni chumba gani. Mtu hakuhitaji kusoma hata herufi moja. Na hoteli ilipofungwa, kila mfanyakazi akaambiwa achague kitu cha kuondoka nacho, wenzako wakabeba magodoro na masufuria na wewe ukabeba mtambo wa baa na santuri zake, kila mtu alikuona mwehu. Hilo nilikuwa nalijua, ulilisimulia ukiringa. Nililokuwa silijui ni kwamba ulikuja nazo nyumbani ukazitia alama kama shuka. Majina yameandikwa Kifaransa na Kiitaliano, wewe hukupelekwa shule hata siku moja, na bado ulikuwa huchelewi kuipata unayoitaka. Mimi nilidhani ni kumbukumbu tu.

"Rangi ni mtu," Bi Zainabu aliniambia. "Mishono ni wimbo. Ikiwa pembe ya kushoto, upande wa kwanza wa sahani. Ikiwa ya kulia, wa pili. Kila aliyeingia mlango huu alikuwa na wake, na mamako alimuwekea kabla hajampa chai. Kwani hukuona?"

Niliona, Mama. Niliona wageni wakiingia na muziki ukilia, lakini sikuona kwamba kila mtu alikuwa akiingia na wimbo wake. Nilikuwa mtoto wa nyumba, kazi yangu ni kupeleka vikombe. Wala mimi sikuwahi kukaribishwa kwa wimbo, mimi si mgeni. Hapo ndipo swali lilipoota kichwani na halikunitoka tena: na mimi je? Nilikuwa na rangi? Nilikuwa na mishono mingapi? Na kama nilikuwa nayo, basi nimeichoma mwenyewe nyuma ya nyumba pamoja na maganda ya ndizi.

Bi Zainabu aliondoka bila kusikia wimbo wake. Aliniachia ndimu akaniambia nisijali, lakini alilisema huku ameangalia barabara.

Nililia siku mbili. Ya tatu udadisi ukashinda. Nilichukua jalada moja nikaenda nalo dirishani, nikaliinua kwenye mwanga, na nikaviona: vitundu. Uzi niliukata, lakini sindano yako ilishapita, na kadibodi haifungi kidonda. Vitundu viwili viwili, mshono kwa mshono, vimepangwa sawasawa kama ulivyokuwa ukipanga kila kitu isipokuwa santuri. Rangi imekwenda, hilo ndilo nililoliua, lakini mishono ninaweza kuisoma. Nilicheka peke yangu, jirani akaniuliza kwa dirishani kama niko salama.

Tangu hapo, kila nikitoka kazini, nasoma majalada. Ningependa ungeniona. Nimefunga macho, napapasa pembe kwa ncha ya kidole, nahesabu. Pembe ya kulia, mishono minne: naigeuza sahani, nahesabu nyimbo kutoka ukingoni, nateremsha sindano penye wimbo wa nne. Ile sarafu yako uliyobandika juu ya kichwa cha sindano isirukeruke bado ipo, sijaigusa, nimejifunza adabu. Kisha naketi kwenye kiti chako, naanza kubahatisha: huu ni wa nani?

Mwingine haubahatishwi. Kuna ule wa Kiitaliano, mwanamume analalamika mpaka sauti inakatika, nikajua ni wa Baba kabla mwimbaji hajafika kwenye kiitikio. Baba alikuwa akilima Jilore, anashuka mjini mara moja kwa mwezi na gunia la mahindi, anaketi pale na viatu vyenye udongo, na huyo mwanamume anamlilia. Baba haelewi neno hata moja. Anatikisa kichwa na kusema, "Huyu ana matatizo." Nilicheka mpaka nikalia, sikujua nimevuka mpaka saa ngapi. Kuna taarabu yenye zumari inayozunguka kama nzi wa chumbani, hiyo naamini ni ya mwenye nyumba wetu, kwa sababu ni ndefu, na ulikuwa ukipenda asahau kilichomleta. Kuna ya tarumbeta, wimbo wa kwanza kabisa, mshono mmoja tu, nadhani ni ya Katana, ndugu yangu asiyeweza kungoja wimbo wa pili. Nilimpigia simu Mombasa nikaiweka simu mbele ya spika. Akausikiliza wote. Halafu akasema, "Mbona unanifanyia hivi nikiwa kazini." Basi nikajua nimepatia.

Wa Bi Zainabu niliupata siku ya tano. Nilimpigia simu nikamchezea nyimbo tano mfululizo nilizodhani huenda ni zake, na kwenye ya tano akapiga kigelegele sikioni mwangu. Pembe ya kushoto, mishono mitatu. Nimekwishautia uzi wa samawati tena. Mishono yangu imekaa upogo, lakini ipo.

Nikaendelea hivyo. Thelathini na tisa nimezisoma, nyingine sijui za nani na nadhani sitajua, watu wengine ulikutana nao kabla sijazaliwa. Na katika zote thelathini na tisa, hakuna hata wimbo mmoja ulioniambia kitu. Nilikuwa nikiketi, nafunga macho, najaribu kujilazimisha: labda huu, labda nilikuwa nikiupenda nikiwa mdogo. Hapana. Najua kujidanganya kunavyonuka, nimewauzia watu dawa za kikohozi miaka kumi.

Likabaki jalada moja. La arubaini, limelala juu ya rafu, tupu. Ni la ile ya lebo ya kijani. Nikalipeleka dirishani. Nikapapasa pembe ya kushoto, hakuna kitu. Ya kulia, hakuna. Nikaliinua kwenye mwanga, nikaligeuza mbele na nyuma, nikatazama mpaka macho yakauma. Kadibodi nzima, haijawahi kuguswa na sindano. Ile peke yake hukuitia alama ya mtu yeyote.

Nilimpigia Bi Zainabu. Nilitaka anieleze kama hiyo nayo ni desturi ya wafuaji. Nilidhani atasema isiyo na uzi ni ya takataka. Nikamsikia kwanza akimfukuza kuku.

"Hiyo mamako aitie uzi wa nini?" akasema. "Si umeitia alama mwenyewe?"

Nikamwambia sielewi.

"Ulipokwenda Mombasa masomoni, mwanangu, ile miaka miwili. Nilikuwa nikija hapo kwa mamako. Anaiweka hiyo, tunakaa. Ikifika pale, inaruka, anasema, 'Kadzo huyo, anapita.' Kisha anaizima. Hamalizi wimbo. Siku nyingine mara tatu, mara nne. Nilimwambia, shoga, utaimaliza sindano. Akaniambia, sindano zinanunuliwa."

Mama. Miaka ishirini na tano nimekuwa nikisikia lawama.

Sikungoja hata kufunga mlango vizuri. Nilikwenda kwa Fundi Charo na kandambili za bafuni. Nilikuwa najiambia njiani kwamba ameshaipasha moto na kuikunja bakuli, maana anafanya na mabakuli, au imeshapanda ndege na mtalii na sasa inasema saa huko Ulaya. Fundi alikuwa uani akipaka rangi. Nikamwuliza, akatabasamu, "Dada, ile ndiyo iliyotoka vizuri kuliko zote. Mke wangu kakataa isiuzwe." Akanionyesha. Ilikuwa ukutani sebuleni kwao, ina tarakimu kumi na mbili za karatasi ya dhahabu zimegandishwa kwa gundi, ina mishale miwili, inatembea. Saa tisa na dakika ishirini.

Nikasema ukweli, wote, pamoja na mahamri. Mke wake alitoka jikoni akasikiliza mpaka mwisho, akaitazama saa, akanitazama mimi. "Na sisi tutajuaje saa?" Nikarudi nyumbani nikachukua saa yetu ya ukutani, ile yenye picha ya maua, nikawapelekea. Kwa hiyo sasa nyumba yako haina saa, na juzi nilichelewa kazini kwa mara ya kwanza maishani. Ungefurahi.

Upande wa kwanza umekwenda, Mama, sikufichi. Gundi imeingia kwenye mifereji, tarakimu nilizibandua lakini makovu yao yamebaki. Ila wimbo wetu uko upande wa pili, ule ulioelekea ukutani, na huo ni mzima. Mzima kwa kadiri nilivyouacha nilipokuwa na miaka saba. Tatizo lilikuwa tundu la katikati. Fundi alilipanua kwa msumari wa moto ili chombo cha saa kipite, na nilipoiweka kwenye mtambo sahani ilicheza kwenye kile kijiti cha katikati ya mtambo, magitaa yakawa yanayumba kama walevi. Nilijaribu karatasi, nikajaribu plasta ya dukani. Haikukubali.

Ndipo nikafungua kopo lako la biskuti, la nyuzi. Sikuwa nimelifungua tangu uondoke. Sindano zote zimechomekwa kwenye kipande kile cha kanga, na harufu yako ikanitokea usoni ghafla, nikakaa chini sakafuni kwanza. Kisha nikachagua uzi mwekundu. Sijui ulikuwa wa nani, sikuuliza. Nikauzungusha kwenye kile kijiti cha katikati, taratibu, nikihesabu, na kwenye mzunguko wa kumi na tisa sahani ikakaa ikatulia. Kwa hiyo ile ya arubaini nayo ina uzi sasa, ila wake uko ndani, hauonekani mpaka uitoe sahani.

Hiyo ndiyo inayolia sasa hivi ninapoandika. Wimbo wa kwanza unaelekea mwisho, na hapa ndipo niweke lile jambo la kukuuliza. Pale panaporuka, palikuwa na nini? Wewe uliusikia ule wimbo ukiwa mzima, kule hotelini, dirisha la baa likitazamana na masinki yenu. Mimi sijawahi. Ni mstari mmoja tu, labda maneno mawili, labda gitaa tupu. Nimezunguka nalo wiki nzima. Ningeweza kutafuta nakala nyingine, yule kijana wa duka la simu anasema siku hizi kila wimbo unapatikana. Nimemwambia bado. Nahisi nikiusikia mzima utakuwa wimbo wa watu wengine.

Nenda kapumzike, Mama. Msalimie Baba, mwambie yule Mwitaliano bado ana matatizo. Nakuahidi nitazitia nyuzi zile thelathini na tisa, na zile nisizojua za nani nitazitia nyeupe, mpaka mtu aingie mlangoni na wimbo umtambue. Bi Zainabu anakuja Jumapili ijayo. Nitamuwekea wake kabla ya chai.

Subiri, wimbo wa pili umeanza. Nimesimama, kalamu mkononi, ndiyo maana mwandiko umeharibika. Unakaribia. Nyumba imenyamaza mahali pale ulipokuwa ukisema wewe, na nimeona si vizuri kupaacha wazi.

Imeruka.

Kadzo huyo, anapita.

Mwanao,
Kadzo